Fulana haiondoi uchovu wa kazi

Ndugu zetu walioajiriwa Kisumu, wauguzi wa zamu za usiku, walinzi, makarani wa mjini, siku hizi huitwa kwenye siku ya afya ya wafanyakazi: mazoezi kidogo, nasaha, fulana, picha. Si vibaya. Lakini Jumatatu mtu anarudi kwenye zamu zile zile zilizomchosha.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba uchovu huu hutokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Miongozo yake ya 2022 inataka kazi yenyewe irekebishwe, na wasimamizi wafunzwe kumtambua aliyeelemewa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila atimizapo miezi 12 mfululizo. Muuguzi anayeambiwa mwaka mzima "subiri, watu hawatoshi" hatapumzishwa na fulana.

Na huyo mshauri nasaha, asitoke ofisi ya bosi. Nani atamfungulia moyo mtu anayekula meza moja na anayemwandikia ripoti? Kabla ya kujiandikisha mazoezi, uliza una siku ngapi za likizo, ujibiwe kwa maandishi.