Cheti cha chuo cha mashinani: Mzazi wa Kiritiri aulize nini kabla ya kulipa karo?

KILA matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, miji midogo ya Kenya hujaa mabango. Nguzo za stima, milango ya maduka na hata migongo ya matatu hubandikwa matangazo ya vyuo vinavyoahidi kozi nyingi, karo nafuu na ajira ya haraka. Kiritiri, makao makuu ya kaunti ndogo ya Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, haujaachwa nyuma.

Mzazi anayeyasoma mabango hayo mara nyingi huuliza swali moja tu: Karo ni pesa ngapi? Ni swali la haki, kwa kuwa pesa hizo hutokana na mbuzi waliouzwa sokoni, magunia ya ndengu au mavuno ya muguka. Hata hivyo, kuna swali jingine lenye uzito zaidi ambalo huulizwa kwa nadra, nalo ni hili: Cheti atakachopewa mwanangu kitatambuliwa na nani?

Tofauti ya majibu ya swali hili ndiyo tofauti ya kijana anayeajiriwa na yule anayerudi nyumbani na karatasi isiyofungua mlango wowote. Makala haya yanaeleza jinsi vyuo hivi vinavyopata idhini, kozi zake hupimwa na nani, na kwa nini jambo hili ni nyeti mno kwa eneo kame kama Mbeere.

Chimbuko la vyuo vya mashinani

Wazo la chuo kilicho karibu na wananchi si geni nchini. Mnamo 1966, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana waliomaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari wangeelekea wapi. Kutokana na mjadala huo, vyuo vidogo vya ufundi vilianza kujengwa vijijini, vikifunza useremala, uashi na ushonaji.

Katika miaka ya 1970, wananchi walichanga pesa kwa moyo wa Harambee na kuanzisha taasisi kubwa zaidi za teknolojia katika maeneo mbalimbali. Baadaye, nyingi za taasisi za kiwango hicho zilipandishwa hadhi. Chuo cha Teknolojia cha Meru kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki mnamo 2008 kisha kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mjini Embu, chuo kilichokuwa kikifunza maafisa wa kilimo kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2011, na sasa ni Chuo Kikuu cha Embu, kilichotunukiwa hati yake mwaka 2016.

Hatua hizo zilileta fahari, lakini ziliacha pengo. Kila chuo cha ngazi ya kati kilipopanda ngazi, mwanafunzi aliyepata alama ya D au C- alibaki akitafuta pa kuingia. Ndiyo sababu baada ya 2013 serikali kuu ilianza mpango wa kuhakikisha kila eneo bunge lina chuo cha kiufundi. Huko Mbeere vipo vyuo vya umma kama kile cha Rwika, pamoja na kile kinachobeba jina la marehemu Jeremiah Nyagah, mwanasiasa aliyehudumu kama waziri katika serikali za Mzee Jomo Kenyatta na Rais Daniel arap Moi.

Vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini, kwa upande wake, viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kando ya hivyo vipo vyuo vya kibinafsi, vya makanisa na vya mashirika, ambavyo baadhi hujiita vyuo vya jamii.

Jina hilo lisimtie mtu kiwewe wala lisimpumbaze. Nchini Marekani, ambako chuo cha Joliet katika jimbo la Illinois kimekuwepo tangu 1901, chuo cha jamii ni ngazi rasmi ya elimu, na mwanafunzi husoma humo miaka miwili kisha akahamia chuo kikuu. Nchini Kenya, sheria haina daraja lenye jina hilo. Chuo cha jamii hapa kitapimwa kwa vigezo vile vile vinavyotumiwa kwa vyuo vingine vya kiufundi.

Milango mitatu ya ithibati

Ithibati ni neno linalotumiwa kwa wepesi na wanaonadi vyuo. Wengi hudhani kwamba chuo kikishasajiliwa, kila kitu ndani yake kimeidhinishwa. Ukweli ni kwamba ipo milango mitatu, na kupita mmoja hakumaanishi kuwa umepita yote.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kiritiri anayetaka kuwa fundi wa umeme. Mfano huu una maana ya pekee hapa. Mtoni Tana, mpakani mwa Mbeere na Ukambani, yako mabwawa matano yanayozalisha umeme: Kindaruma lililokamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kijana huyu amekua akiziona nyaya zikipita juu ya shamba la babake kuelekea mijini. Ni kawaida atamani kazi hiyo.

Mlango wa kwanza ni wa chuo chenyewe. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013 iliunda mamlaka inayofahamika kwa kifupi kama TVETA. Hii ndiyo yenye jukumu la kukagua majengo, karakana, vifaa na usimamizi wa chuo kabla ya kukisajili na kukipa leseni. Leseni huwa na muda wake, na muda huo ukiisha chuo hulazimika kukaguliwa upya. Kwa hivyo, hati iliyotundikwa ukutani haitoshi. Mzazi asome tarehe iliyoandikwa.

Mlango wa pili ni wa kozi na mtihani wake. Mamlaka hiyo huidhinisha pia kozi moja moja na kuwapa idhini wakufunzi. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya kufunza ushonaji na upishi, ilhali hakina ruhusa ya kufunza umeme. Sharti mzazi aulize kuhusu kozi anayoitaka mwanawe, wala si chuo kwa jumla.

Kadhalika, aulize nani atamtahini mwanafunzi. Kwa miaka mingi mitihani ya vyuo hivi ilisimamiwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC). Sheria ya 2013 iliunda baraza jingine, CDACC, linaloandaa mitalaa inayozingatia umilisi, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya kwa mikono yake, kutathmini na kutoa vyeti. Mfumo huu umekuwa ukichukua nafasi ya ule wa zamani hatua kwa hatua. Vile vile, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwapima mafundi kwa majaribio ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza.

Chuo kisichoweza kutaja mojawapo ya mabaraza haya, na badala yake kikasema kitatoa "cheti chetu wenyewe", kinafaa kumtia mzazi wasiwasi. Iwapo cheti kinatolewa na baraza la ng'ambo, basi kinapaswa kutambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kufuzu (KNQA), iliyoundwa kwa sheria ya 2014.

Mamlaka hii ya mwisho ndiyo iliyopanga ngazi kumi za elimu nchini. Fundi stadi yuko katika ngazi ya nne, mwenye astashahada ya ufundi ngazi ya tano, na mwenye stashahada ngazi ya sita. Shahada ya kwanza iko ngazi ya saba, na uzamifu ngazi ya kumi. Faida ya mpangilio huu ni kwamba aliyeanzia chini anaweza kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Kwa kawaida, anayetaka stashahada huhitaji alama ya C- katika KCSE, na anayetaka astashahada D. Mwenye alama iliyo chini ya hapo huanza kama fundi stadi.

Mlango wa tatu ndio unaosahaulika zaidi, nao ni wa taaluma yenyewe. Kijana wetu akishapata cheti cha umeme, hawezi kuunganisha nyaya katika nyumba za watu kihalali kabla ya kupata leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Leseni hizo zina madaraja kulingana na elimu na tajriba ya fundi. Iwapo cheti chake hakitambuliwi, atakwama hapo hata kama mikono yake ni hodari.

Hali ni hiyo hiyo katika taaluma nyingine. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, mtaalamu wa dawa na Bodi ya Dawa na Sumu, na mwalimu na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC). Chuo kinachofunza kozi za afya bila idhini ya baraza husika huwa kinamwandalia mwanafunzi machozi, kwa sababu hataruhusiwa kufanya mtihani wa usajili wala kuvaa sare ya kazi hiyo.

Karo na misaada

Ithibati inahusu pesa pia. Mnamo 2018, serikali ilisawazisha karo ya vyuo vya kiufundi vya umma kuwa Sh56,420 kwa mwaka. Kati ya hizo, serikali iliahidi kumlipia kila mwanafunzi Sh30,000, na zilizobaki, Sh26,420, zikawa mzigo wa familia. Mwanafunzi aliruhusiwa pia kuomba mkopo wa hadi Sh40,000 kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Mwaka 2023 ulianzishwa mfumo mwingine unaogawanya gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wake.

Mgao huo wa serikali uliwalenga wanafunzi wa vyuo vya umma. Chuo cha kibinafsi kinaweza kuonekana nafuu kwenye bango, lakini mzazi anafaa kulinganisha gharama yote: ada ya mtihani, sare, vifaa vya karakana, malazi na nauli ya kwenda kufanya mazoezi ya kazi. Mara nyingine kilicho rahisi huwa ghali, kwani kijana hulazimika kurudia kozi ile ile kwingine.

Wajibu kwa Mbeere

Mbona basi kuhangaika na chuo cha karibu, ilhali Nairobi na Embu kuna vyuo chungu nzima? Jibu liko katika ardhi yenyewe.

Embu ya juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hupanda majani chai na kahawa. Mbeere ni nyanda kame za mtama, wimbi, ndengu, kunde, maembe, mbuzi na mizinga ya nyuki. Mfukoni mwa familia nyingi, hata hivyo, pesa za haraka ni za muguka. Udhaifu wa kutegemea zao moja ulidhihirika Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka. Mahakama Kuu mjini Embu ilisimamisha kwa muda marufuku ya Mombasa na Kilifi, lakini wakulima walikuwa wameonja jinsi karo inavyoweza kukatika kwa amri iliyotolewa mamia ya kilomita kutoka shambani.

Chuo chenye maana kwa eneo kama hili hakipimwi kwa wingi wa kozi za ofisini kilizo nazo. Hupimwa kwa kumfunza kijana kukausha maembe yasioze msimu wa mavuno, kurekebisha pampu ya kisima, kufunga paneli za miale ya jua, kurina asali kwa njia safi na kutunza hesabu za kikundi cha wakulima. Msichana aliyejifungua akiwa shuleni, ambaye hawezi kumwacha mtoto aende kupanga chumba mjini, anaweza kusoma kutwa akirudi nyumbani jioni. Hakuna chuo cha mbali kinachoweza kumfanyia hivyo.

Lipo pia kundi la mafundi wa jua kali ambao hawajawahi kukaa darasani lakini kazi wanaijua. Mwaka 2024, serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Fundi hutathminiwa kwa vitendo na, akifaulu, hupewa cheti chenye ngazi yake. Kwa mwashi aliyejenga nyumba kwa miaka ishirini na ambaye hunyimwa zabuni kwa kukosa karatasi, hili ni jambo kubwa.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kutoa hata shilingi, mzazi na mwanafunzi wafanye mambo manne. Kwanza, watafute jina la chuo katika orodha ya TVETA inayopatikana kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, na wahakikishe ni jina kamili, si linalofanana nalo. Pili, waulize iwapo kozi wanayoitaka imeidhinishwa katika chuo hicho na ni ya ngazi ya ngapi.

Tatu, waulize ni baraza gani litakalomtahini mwanafunzi na kutoa cheti, na kama chuo hicho ni kituo kilichosajiliwa cha kufanyia mtihani huo. Nne, iwapo taaluma inahitaji leseni, waulize baraza la taaluma hiyo moja kwa moja kama linakubali vyeti vya chuo husika. Aidha, watembee karakanani. Chuo kinachofunza umekanika bila injini, au umeme bila nyaya, kimejieleza chenyewe.

Chuo chenye idhini zake hakitaudhika kwa maswali haya. Kitatoa hati zake mezani. Kinachokasirika au kumharakisha mzazi alipe leo kabla ya nafasi kujaa, ndicho cha kuepukwa. Mbuzi akishauzwa harudi zizini, na miaka miwili ya ujana ikishapita hairejeshwi na mahakama yoyote.