Damu ni Amana: Funzo la Wavuvi wa Ziwa Maracaibo

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii tunaitumia sana hapa Pwani, lakini yakija maradhi ya ukoo tunaisahau. Mtoto mwenye kasoro hufungiwa chumba cha nyuma, mzee anayetikisika huambiwa ana jini, na wanaokuja kuposa hawaambiwi kitu. Leo nataka kueleza jinsi fumbo la ugonjwa mmoja adimu lilivyofumbuliwa kwa sababu familia zilikubali kukaa kitako na watafiti. Nitaeleza pia deni lililobaki, maana hadithi hii ina pande mbili.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Huntington, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka wa 1872. Unaharibu ubongo polepole. Mara nyingi huanza mtu akiwa na miaka 30 hadi 50. Mikono na miguu hucheza yenyewe, mwendo unayumba, maneno hayatoki sawa, na tabia hubadilika hata jamaa wakashangaa. Tangu dalili za kwanza hadi kifo hupita miaka 15 hadi 20 hivi. Mpaka sasa hauna tiba ya kuuponya, ingawa zipo dawa za kupunguza ule mtikisiko wa viungo.

Huu ni ugonjwa wa kurithi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Selimundu tunayoijua hapa kwetu humpata mtoto aliyerithi kasoro pande zote mbili. Huntington haingoji hivyo: nakala moja mbovu inatosha. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake yuko nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Na shilingi hurushwa upya kwa kila mtoto, kwa hivyo wa kwanza kuupata hakumkingi wa pili. Ubaya ni kuwa dalili huja mtu keshaoa na keshazaa.

Sasa twende Venezuela, Amerika ya Kusini, kwenye vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Maracaibo. Miaka ya 1950 daktari kijana aitwaye Américo Negrette alifika hapo kufanya kazi. Akaona watu wanapepesuka njiani, akadhani ni walevi. Wenyeji wakamwambia hapana, hao ni wagonjwa. Akafuatilia nyumba kwa nyumba, akatambua kuwa ni Huntington, na mwaka wa 1955 akawaeleza madaktari wenzake. Wengi hawakumtilia maanani.

Miaka mingi baadaye habari hizo zilimfikia Nancy Wexler, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye hakuwa mtafiti wa kutazama kwa mbali. Mama yake aligunduliwa kuwa na Huntington mwaka wa 1968, na baba yake akaanzisha wakfu wa kugharimia utafiti. Nancy mwenyewe alikuwa kwenye ile shilingi ya nusu kwa nusu. Mwaka wa 1979 alifika Maracaibo, na timu yake ikarudi huko kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20.

Wanakijiji waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Wageni wanataka damu na kipande cha ngozi, za nini? Kilichowalainisha ni kovu la Nancy mkononi, pale alipokatwa ngozi yake kwa utafiti uleule. Walipoliona walifahamu kuwa huyu mgeni ni mwenzao, naye ana mama aliyekufa kwa ugonjwa wao.

Kwa nini ilibidi kwenda mbali hivyo? Kwa sababu jeni yenye kasoro hupatikana kwa kulinganisha wagonjwa na wazima wa ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi. Familia ndogo ya watoto wawili haitoshi. Kule ziwani mlikuwa na koo kubwa, zilizooana na kuishi pamoja. Watafiti walichora nasaba ya watu zaidi ya 18,000 na kukusanya sampuli za damu zaidi ya 4,000. Mwaka wa 1983 walijua kasoro iko katika kromosomu ya nne. Mwaka wa 1993 jeni yenyewe ikapatikana: kuna kipande kifupi ndani yake kinachojirudia mno. Kikijirudia mara 40 au zaidi, ugonjwa huja. Ikawezekana mtu kupimwa damu na kujua kabla ya dalili.

Huo ndio upande wa kwanza. Upande wa pili ni kwamba faida ya kipimo hicho ilienda zaidi kwa wenye uwezo katika nchi tajiri. Waliotoa damu walibaki na umaskini wao, na wagonjwa wao walikosa hata chakula cha kutosha. Mwaka wa 1999 kilifunguliwa kituo cha kuwatunza, watafiti wakisaidia. Baadaye nacho kikafungwa. Dunia inajua jeni ya ugonjwa huu kwa hisani ya wavuvi ambao wengi wao hawakuonja matunda yake.

Sisi wa Pwani si wageni wa utafiti. Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989, na mashinani wapo wawakilishi waliochaguliwa na wananchi wa kuzungumza na watafiti. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za vinasaba kuwa habari nyeti za mtu. Kwa hivyo njia ya kuuliza ipo. Siku mtafiti akibisha hodi kwako kwa ajili ya maradhi ya ukoo, mkaribishe, kisha muulize. Damu hii itakaa wapi, na kwa muda gani? Itapelekwa nje ya nchi? Majibu nitaletewa, na kwa lugha ninayoielewa? Nikipenda kutojua majibu yangu, mtaniheshimu? Dawa ikipatikana, sisi tutaifikia vipi?

Kuuliza hivyo hakumaanishi ukaidi. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dawa hiyo hutafutwa, na katika magonjwa adimu haitafutiki ikiwa wagonjwa wamefichwa. Lakini damu ya mtu ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe, iwe kwa matibabu, kwa matunzo au kwa habari ya kweli.

Tuna akiba moja ambayo watafiti wa Maracaibo waliihangaikia kwa miaka. Familia nyingi hapa Pwani zinajua nasaba zao, fulani bin fulani bin fulani, hadi babu wa saba au wa kumi. Tumeihifadhi kwa ajili ya mirathi na heshima. Ningependa tuiongezee jambo moja. Kaa na bibi yako kabla hajaondoka, umuulize nani katika ukoo alitikisika viungo, nani alipoteza watoto wachanga, nani alipofuka akiwa kijana. Andika. Kisha daraka la karatasi hiyo ni kumfikia daktari, badala ya kungoja majirani waisome matangani.