Mwizi wa Gari Hulitazama Soko

Asimamaye kando ya barabara kuu pale Mkumbara, wilayani Korogwe, huyaona magari ya kila namna: malori ya mkonge, mabasi ya Arusha, Toyota ndogo za watu binafsi, na Land Cruiser za ofisi zikienda kasi kama ilivyo desturi yao. Huenda akadhani kuwa gari la thamani kuliko yote ndilo limtialo mwizi tamaa. Sivyo. Mwizi wa gari ni mlanguzi kwanza, na mlanguzi hulitazama soko.

Gari adimu, hata limeremete namna gani, ni mzigo kwake: hutambulika upesi, na vipuri vyake havina mnunuzi. Lakini Toyota, zilizojaa nchini kwa kuagizwa Japani zikiwa zimekwisha tumika, huchinjwa mara moja. Taa, kioo cha pembeni, giaboksi, injini: kila kiungo hupata kiwiliwili kingine. Pikipiki za bodaboda ni vivyo hivyo.

Land Cruiser ina sababu yake. Hustahimili barabara mbovu, hivyo hutakiwa tangu Kenya hadi mashariki ya Kongo. Na barabara hii ya Mkumbara huelekea Moshi, ambako mpaka wa Holili si mbali. (Ile ya umma ilalayo nje ya kilabu cha pombe tutaisema siku nyingine.)

Kisha kuna wepesi wa kuwasha. Umoja wa Ulaya uliamuru tangu mwaka 1998 magari mapya yawe na kifaa kizuiacho injini isiwake pasipo ufunguo wake halisi. Marekani haikuamuru; mwaka 2021 na 2022 vijana wa huko waliiba Kia na Hyundai kwa maelfu, si kwa fahari yake, bali kwa kuwa mengi yalikosa kifaa hicho.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalindwa na bahari. Gari zima halivuki bila meli, na bandarini kuna macho na karatasi. Lakini kioo na redio huingia mkobani.

Maofisa wetu hupenda kumvizia mwizi. Afadhali wamtembelee mnunuzi. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa apokeaye mali ya wizi kwa kujua. Basi kila muuza vipuri vilivyotumika aandike daftarini namba ya injini aliyoinunua na jina la aliyemwuzia, na polisi walifungue daftari hilo kila mwezi.