Shule ya Amali na Kalenda ya Mvua Ufipa

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeipa sekondari ya Tanzania mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Anayefuata amali husoma Hisabati, Kiingereza na mengineyo, lakini kiini cha masomo yake ni fani: kilimo, uashi, umeme, ushonaji na kadhalika.

Wazo lenyewe si geni. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa 1967, na miaka ya sabini sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Ufipa, mkoani Rukwa, kuna mizizi mirefu zaidi: wahunzi wake waliyeyusha chuma katika matanuru marefu yaitwayo malungu, na kijana alijifunza kazi palepale inapofanyika, kwa majira yake.

Majira hayo ndiyo kiini cha suala la amali leo. Chukua kata ya Mollo, Manispaa ya Sumbawanga, inayoishi kwa mahindi na maharage. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, na mengi huvunwa kati ya Mei na Julai. Mwaka wa shule, kinyume chake, huanza Januari na kufungwa Desemba. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaripoti mahindi yamekwishaota. Yanapokauka, likizo ya Juni imewadia. Msimu mpya wa kupanda unamkuta akifunga shule, na akifika kidato cha nne unamkuta katika mtihani wa taifa. Anaweza kumaliza kilimo bila kusimamia zao moja shuleni kuanzia mbegu hadi ghala.

Ufundi nao una majira. Plau za ng'ombe huhitaji kuchomelewa kabla ya mvua. Mashine za kupukuchua huharibika wakati wa mavuno. Karakana ikifungwa miezi hiyo, mwanafunzi hubaki na vyuma vya mazoezi tu.

Tiba haihitaji fedha nyingi. Likizo za wanaosoma kilimo na ufundi ziende kwa zamu, ili kila kundi lipande na kuvuna walau mara moja. Bwana shamba wa kata na mafundi wa mjini wahusishwe katika kupima umahiri. Bila hayo, amali ya Ufipa itabaki somo la kusimuliwa ubaoni.