Nguvu za Farasi: Karatasini na Barabarani

Mnamo miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilishindana kutia injini kubwa katika magari ya ukubwa wa kati, na magari hayo yakapewa jina la "magari ya misuli". Matangazo yake yalijivunia tarakimu moja: nguvu za farasi. Mwaka 1970 Chevrolet ilitangaza kuwa injini kali kuliko zote za Chevelle ilikuwa na nguvu za farasi 450. Buick, kwa gari lake la GS 455 Stage 1, ilitangaza 360 tu. Hata hivyo, yalipopimwa katika robo maili, yaani mita 402, yakianzia yaliposimama, yote mawili yalitumia sekunde 13 na kitu.

Je, farasi 90 walipotelea wapi?

Kwanza, tarakimu zenyewe si za kuaminiwa sana. Injini ilipimwa peke yake, bila chujio la hewa wala mabomba ya moshi ya gari. Kipimo kilipobadilishwa mwaka 1972, injini ya kawaida ya Corvette ilishuka kutoka 270 hadi 200, ingawa kimsingi ilikuwa ile ile. Tena, makampuni ya bima yalitoza zaidi magari yenye nguvu nyingi. Hivyo hata tarakimu ndogo ilikuwa na faida yake.

Lakini jibu lenye mafunzo zaidi limo barabarani. Jarida la Motor Trend lilipata kwamba Buick ilimaliza kwa sekunde 13.38, ikiwa na mwendo wa kilomita 170 kwa saa. Mwanafunzi na agawe mita 402 kwa muda huo: atapata wastani wa kilomita 108 kwa saa. Kama mchapuko ungalikuwa sawa njia nzima, wastani ungalikuwa nusu ya 170, yaani 85. Basi mchapuko ulikuwa mkubwa mwanzoni, kisha ukapungua. Sababu ni kwamba nguvu ni kani mara mwendo: kwa nguvu ile ile, mwendo ukizidi, kani hupungua, na upinzani wa hewa nao huongezeka.

Mwanzoni, hata hivyo, mpaka wa kani haukuwekwa na injini, bali na msuguano baina ya matairi na lami. Matairi ya siku zile yalikuwa membamba. Dereva aliyekanyaga mafuta kwa pupa aliyazungusha bure na kutoa moshi. Farasi wa ziada walianza kufaa baadaye tu.