Sura ya 3: Shaba Inayofuata Mwili

Ngozi ya binadamu huweza kuvutika kwa karibu asilimia 30 kisha ikarudi. Shaba haifiki hata asilimia 1 kabla ya kuharibika umbo. Hata hivyo, ndani ya bangili zinazopima mapigo ya moyo, umeme hupita katika shaba. Metali hii hupataje kuufuata mkono?

Jibu la kwanza ni wembamba. Kitu kinapokunjwa, upande wake wa nje huvutika na wa ndani hubanwa, na unene huzidisha mvuto huo. Bamba la milimita 1 likizungushiwa kifundo cha mkono chenye nusukipenyo cha sentimita 3, upande wa nje huvutika karibu asilimia 1.7, nalo hubaki limepinda. Utando wa mikromita 18, unaotumika sana katika saketi za kukunjwa, huvutika asilimia 0.03 tu. Wahandisi huuweka katikati ya tabaka mbili za plastiki ya poliimidi, mahali ambapo mvuto hukaribia sifuri.

Lakini kiwiko hakikunji ngozi tu, huivuta pia. Hapo linakuja jibu la pili: umbo. Njia ya shaba huchorwa ikipindapinda kama nyoka juu ya mpira laini. Mpira ukivutwa, mapindo hufunguka na metali yenyewe husalimika. Mwaka 2011, mtafiti John Rogers na wenzake walionyesha katika jarida la Science saketi zenye umbo hilo zilizobandikwa kwenye ngozi na kuifuata.

Katanga, eneo la shaba kusini mwa Kongo ya leo, iliyajua majibu haya mawili mapema. Katika karne ya 19, chini ya utawala wa Msiri wa Bunkeya, mafundi Wayeke walivuta shaba ikawa nyaya nyembamba, wakazizungusha juu ya nyuzi kutengeneza bangili. Waya mwembamba, umbo la mzunguko: bangili ikapinda bila kukatika. Hayo yalikuwapo kabla ya kampuni ya Union Minière kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911.

Leo shaba nyingi ya Haut-Katanga husafirishwa ikiwa kathodi, yaani mabamba ya shaba safi, na kazi ya kuipa wembamba na umbo hufanyiwa mbali. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi anayesomea uyeyushaji wa madini anastahili kufundishwa pia hesabu ya kukunja na kuvuta, maana humo mna sehemu kubwa ya thamani.

Kiungo kigumu kinachosalia katika vifaa hivi ni betri, na nyingi kati ya hizo hutumia kobalti, madini mengine ya ardhi hii. Sura inayofuata inaifungua.