MALI BILA DAFTARI: VIPI TUTAPINGA OMBI LA HATAZA

Wanachama kadha wa kadha wametuuliza swali moja, nalo ni hili: ikiwa mtu wa ng'ambo atakwenda mbele ya serikali yake na kusema kuwa yeye ndiye wa kwanza kuvumbua kazi fulani ya karafuu, kazi ambayo bibi zetu wameifanya tangu zamani, je, sisi wakulima twaweza kusema neno? Jawabu yetu ni kuwa twaweza. Tena si lazima kungoja mpaka mtu huyo apewe haki anayoitaka. Mlango uko wazi wakati ombi lake lingali likichunguzwa. Lakini mlango huo una bawabu, na anachokitaka mbele ya yote ni karatasi yenye tarehe.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi, ili kwa muda wa miaka 20 tangu kupeleka ombi lake, asiwepo mwengine katika nchi ile wa kutengeneza wala kuuza kitu hicho ila kwa idhini yake. Hataza ya Marekani haina nguvu huku Pemba na Unguja. Lakini yaweza kumzuia mnunuzi wa kule, na mnunuzi akizuiwa, khasara yake hutufika sisi. Haki hii yapasa kutolewa kwa jambo jipya, ambalo fundi wa kazi ile asingeliona kwa wepesi, na ambalo lafaa kwa kazi. Jambo la zamani halistahili hataza.

Hata hivyo makosa hutokea. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza juu ya kutumia manjano kuponyesha vidonda, dawa ijulikanayo majumbani India tangu zama za kale. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga, na mwaka 1997 hataza ile ikafutwa. Lakini haikufutwa kwa sababu mabibi wa Kihindi waijua dawa hiyo. Ilifutwa kwa kuwa Baraza lilileta maandishi, miongoni mwao kitabu cha kale cha Kisanskriti na makala iliyochapwa mwaka 1953 katika jarida la madaktari wa India.

Tuutazame na mwarobaini, mti tuujuao sote. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza juu ya njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mti huo. Wapinzani walisimama mwaka 1995. Hataza ikafutwa mwaka 2000. Na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Miaka 10 ilikwenda katika kesi moja! Mche wa mkarafuu hung'olewa kwa mkono mmoja. Mti uliokwisha shika mizizi wataka shoka na watu wengi. Ndiyo maana twasema, heri kupinga mapema.

Wala isidhaniwe kuwa kazi hii ni ya serikali na mawakili tu. Mwaka 2019 wanawake wawili waliopata kuugua kifua kikuu na kupoteza usikivu kwa ukali wa dawa zake, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika ya Kusini, walipinga huko India ombi la kampuni ya Johnson & Johnson juu ya dawa ya ugonjwa huo. Machi 2023 ombi lile lilikataliwa.

Sasa tueleze njia yenyewe. Kwa kawaida ombi la hataza hutangazwa baada ya miezi 18. Tangu hapo mtu yeyote aweza kulisoma bila ya malipo kwa njia ya intaneti, katika Espacenet na PATENTSCOPE. Atafute kwa jina la kitaalamu la mkarafuu, Syzygium aromaticum, au kwa jina la eujino, ambayo ndiyo asili kubwa ya mafuta ya karafuu na makonyo. Asisome kichwa cha ombi tu, bali asome yale madai yaliyopangwa kwa nambari, kwani hayo ndiyo mipaka ya shamba analolitaka mwombaji.

Katika Ulaya, mtu yeyote aweza kupeleka maoni yake kwa maandishi, bila ya ada, hata bila ya kutaja jina. Maoni yenyewe yawe kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani; lakini ushahidi waweza kuwa wa lugha yoyote, na Kiswahili kimo, ingawa Ofisi yaweza kudai tafsiri. Katika Marekani muda ni mfupi: kwa kawaida miezi 6 tangu kutangazwa. Huko hupokewa maandishi yaliyochapwa tu, pamoja na maelezo mafupi na tafsiri ya Kiingereza. Na anayeleta mara ya kwanza maandishi yasiyozidi matatu halipi kitu. Katika India mtu yeyote aweza kupinga tangu ombi litangazwe mpaka kabla halijapitishwa.

Twaonya jambo moja. Hasira si hoja. Mtu akivumbua mashine mpya ya kukaushia karafuu, hiyo ni haki yake, ijapokuwa karafuu ni zetu. Kinachopingwa ni madai ya kuwa jambo la zamani ni jipya, na mpinzani lazima aoneshe: liliandikwa wapi, tarehe gani, na lalingana na dai la nambari ngapi.

Hapa ndipo penye udhaifu wetu. Wazee wetu wajua mengi ya mkarafuu, tangu ua lake mpaka makonyo yake, lakini mengi yamo vifuani, na mzee akifa huzikwa nayo. Basi tumeazimia kutenga ukurasa katika gazeti hili. Kila mwanachama amwulize mzee wake, aandike kitu gani hufanywa, kwa kipimo gani, na kwa ajili gani, kisha atuletee. Tutayachapa pamoja na tarehe, na nakala tutaipeleka maktaba ya watu wote, ili asiwepo wa kusema kuwa ilikuwa karatasi ya siri. Lakini mwenye uvumbuzi wake mwenyewe ulio mpya asituletee kwanza. Apeleke ombi lake mbele, maana jambo likichapwa huwa si jipya tena, hata kwake yeye.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Daftari ni hili mkononi mwenu.